Mia Mbili Thelathini na Tisa

Kihagara, Jumamosi alasiri

Mwanangu Skola,

Barua huanza kwa kuulizana hali, nami hali yako naijua. Umetoka hapa mchana huu ukiwa mzima, umevaa gauni lako la bluu, umekwenda Liuli kumuaga shangazi yako. Ukirudi utalala chumba cha pili, tutatenganishwa na ukuta tu. Kesho asubuhi unapanda gari la Mbinga, kisha Songea, kisha huko mbali. Najiona kichekesho kumwandikia mtu ambaye nitakaa naye jikoni jioni hii hii. Lakini jambo hili nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu umalize kidato cha sita, na kila nikilianza naishia kukuuliza habari za kuni. Nitaiweka barua katikati ya nguo zako, uisome ukiwa mahali ambapo sikuoni.

Namna ya kuishi na watu mjini sitaigusa. Shangazi yako atakuwa ameimaliza yote leo, na yeye amekaa Dar es Salaam, mimi sijavuka Njombe. Ninachotaka ni kukueleza kwa nini nilitoka nje siku ile.

Najua unaikumbuka. Tulikuwa tunakula, baba yako, wewe na mimi. Ulikuwa umerudi na kikokotoo ulichoazimwa na rafiki yako wa shule, na ulikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza mitihani. Ukasema, kama mtu anayesema mvua imekatika, "Mama, ile namba ya kaka Deo inagawanyika. Mia mbili thelathini na tisa inaingia." Mimi nikanawa mikono, nikatoka, nikasimama nyuma ya jiko mpaka mkaondoa vyombo. Ulinifuata ukaniomba radhi, wala hukujua unaomba radhi ya nini. Nikakwambia moshi umeniingia machoni, na moto ulikuwa umezimika zamani. Tangu hapo humtaji kaka yako mbele yangu. Nimekuona mara nyingi unaanza neno halafu unalimeza.

Hukukosea kitu, Skola. Hukuweza kujua kwa sababu hukuwepo, na hukuwepo kwa sababu sisi tulikuondoa. Acha nianzie nyuma kidogo.

Ile namba niliizaa mimi kwa bahati mbaya. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yameanza kujaa tena sabuni na mitumba, lakini shuleni chaki tulikuwa tunazivunja vipande ili zitoshe wiki. Nilikuwa na darasa la saba, somo la vigawo. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, nami sikutaka watoto wapige kelele nikiwa sipo, kwa hiyo nikaandika ubaoni namba moja kubwa na kuwaambia watafute vigawo vyake. Nilikusudia kuandika moja sita zikifuatana. Hiyo ni namba yenye ukarimu. Inagawanyika kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kwa thelathini na saba. Hata mtoto mzito angerudi na chochote. Lakini nilikuwa na haraka, mkono ukaongeza moja nyingine. Zikawa saba. Milioni moja, laki moja na elfu kumi na moja, mia moja na kumi na moja.

Niliporudi darasa lilikuwa kimya, na si kimya cha adabu. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, haigawanyiki." Nikazihesabu zile moja, nikaona nilichofanya. Ningefuta tu, ningesema nimekosea kuandika, tukaendelea. Sikufuta. Nilijiona mwalimu, nikachukua chaki nikaanza kuigawa mbele yao. Si shufwa, mbili haiingii. Haiishii na tano wala sifuri. Tarakimu zake zikijumlishwa ni saba, kwa hiyo tatu haiingii. Nikaenda kwa saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, jasho linanitoka, mpaka kengele ikalia. Watoto wote wananitazama. Nikageuka nikawaambia, "Sijui."

Hawakuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Mmoja alicheka, wengine wakatazama madawati yao kama wamemwona mtu mzima ameanguka. Deo alikuwa humo, benchi la tatu. Shuleni aliniita Mwalimu kama wenzake na sikuwahi kumpendelea, labda hata nilimkazia zaidi. Siku ile hakucheka wala hakuinama. Alikuwa anaitazama namba.

Jioni nilikuwa nasonga ugali wa muhogo, akaja akasimama mlangoni. "Mama," akasema, "ukiitoa moja, zote zinaingia." Sikumwelewa. Akaniandikia kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko. Ukiitoa moja inabaki ile namba ya moja sita na sifuri mwishoni, na ile ya moja sita tunajua inagawanyika kwa tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu na thelathini na saba. Kwa hiyo hii yetu, ukiigawa kwa yoyote kati ya hizo, inakataa kwa moja. "Kila mara inabaki moja," akasema. "Moja tu, Mama. Zote hizo zimeikosa kwa moja."

Nilikuwa nimefundisha hisabati tangu nilipotoka chuoni, na hilo sikuliona pale ubaoni nikiwa natokwa na jasho. Nilisimama na mwiko mkononi. Ugali ukashika sufuria, baba yako akaula hivyo hivyo bila kuuliza.

Nilimwonyesha kwamba hahitaji kujaribu namba zote za dunia. Azijaribu namba tasa tu, na akifika elfu moja na hamsini na nne bila kupata, aache, maana ukizidisha hiyo kwa yenyewe unakuwa umeikaribia kabisa, na ukizidisha inayofuata unapita. Asipopata mpaka hapo, basi namba yake nayo ni tasa. Akaniuliza kwa nini waliziita tasa. Nikamwambia kwa sababu hazigawanyiki, hazitoi kitu. Akasema hilo si kosa lao.

Wewe hujui, na yeye hakujua, kwamba neno hilo nililisikia nyuma yangu kisimani miaka yangu ya kwanza ya ndoa, nilipotoka Kitura na kuja kuolewa huku ziwani. Mke wa Kimatengo, Mkatoliki, kwenye ukoo wa Kianglikana, na mtoto haonekani. Walilisema kwa Kinyasa wakidhani sisikii lugha yao. Kisha akaja Deo, neno likanyamaza, na baada ya muda mrefu sana ukaja wewe. Kwa hiyo mwanangu aliposema si kosa lao, nilimwona kama amenijibia watu wale wote.

Alikwenda sekondari ya bweni huko juu milimani na namba yake kichwani. Hakuwa na haraka nayo. Alikuwa na masomo mengine, na mpira, na kanzu ya kutumikia misa. Likizo moja akanichukua hadi ufukweni, mahali wanawake wanapoanika dagaa wa usipa, akaandika kwa kijiti mchangani alichokipata akiizidisha namba kwa yenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, halafu sita, tano, nne, tatu, mbili, moja. Inapanda hadi saba kisha inashuka ilikotoka. Nilihakikisha mwenyewe baadaye, ni kweli kabisa. Wanawake walipita na mabeseni yao wakiyazunguka maandishi yale bila kuyakanyaga, sijui walidhani ni nini. Wewe ulikuwa mgongoni kwake. Ndiyo sababu nakwambia, maana hutaweza kukumbuka.

Alipokuwa kidato cha tatu walimrudisha nyumbani uso umevimba. Mwanzoni tulidhani ni kitu alichokula. Asubuhi macho yalikuwa hayafunguki vizuri, jioni uvimbe unashuka miguuni, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Tukampeleka kwa boti hadi hospitali ya misheni ya Liuli. Daktari alikuwa mtu mpole, alikaa nasi muda mrefu. Alisema ni figo. Alisema tumpikie bila chumvi, akampa dawa, akatueleza kwamba dawa hizo zinapunguza maji tu. Baba yako akauliza figo inatengenezwaje. Daktari akasema kuna mashine zinazoisaidia, ila ziko nje ya nchi, na hata huko haziirudishi.

Baba yako alikuwa fundi, unajua. Alikuwa fundi wa malori ya ushirika kule Mbinga mpaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipokuja na magari yao na mafundi wao, ushirika ukayumba, malori yakasimama uani yakaota majani, na yeye akarudi nyumbani na boksi la spana. Maisha yake yote kitu kikiharibika alikifungua, akatazama ndani, akakifunga kikiwa kizima. Aliporudi kutoka hospitali akaanza kutengeneza nyumba. Akabadilisha bawaba za milango yote. Akaziba bati. Akamtengenezea Deo kitanda cha kuinuka upande wa kichwani, kwa chuma cha lori, kizuri kuliko vya hospitali. Nyumba hii haijawahi kuwa imara kama mwaka ule. Nilimsikia anagonga nyundo tangu asubuhi, nikajua analia.

Na wewe tulikupeleka Kitura kwa bibi yako. Ulikuwa mdogo, umeanza shule juzi. Tuliambizana, mimi na baba yako, kwamba mtoto asione. Ulimshika Deo shati, ikabidi nikutoe kidole kimoja kimoja. Niliamini nakukinga. Leo nikifikiri naona nilikuwa najikinga mimi, maana ulikuwa unauliza maswali waziwazi, "Kaka kwa nini amenenepa uso tu?" na sikuwa na jibu la kukupa. Sitaki kujitetea. Nilichagua kwa ajili yako, nikachagua vibaya, na siwezi kukurudishia miezi ile.

Ndipo Deo alipoirudia namba yake. Shule hakuna, mpira hakuna, kanisani hawezi kukaa muda mrefu. Vidole vilikuwa vimevimba, kalamu haishikiki, kwa hiyo mimi nikawa mkono wake. Niliporudi kutoka shuleni mchana nilikaa chini, nikaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chake, mlango ule ule uliotengenezwa na baba yako. Yeye alilala akitazama, ananitajia hatua kwa hatua, nami naandika. Ukipatikana mgawo na baki, nafuta, tunangoja inayofuata. Siku nyingine tulifanya mbili au tatu. Siku nyingine hakuwa na nguvu hata ya moja, na tulikaa tu.

Usidhani ilikuwa huzuni muda wote. Kuna mara nilitaka kugawa kwa mia mbili ishirini na moja, nikaiandika kabisa, Deo akaanza kutikisika kitandani. Nikashtuka nikidhani amezidiwa, kumbe anacheka. "Mama, hiyo ni kumi na tatu mara kumi na saba. Tulishapita." Mwalimu mzima. Nikacheka nami.

Na kuna safari ya baba yako. Alikuwa amesikia kwamba ofisini kwa wanunuzi wa kahawa Mbinga kuna mashine ya kupigia hesabu, unabonyeza tu. Hakutuambia kitu. Akavaa shati la Jumapili, akapanda gari asubuhi, akarudi jioni ya siku ya pili vumbi hadi nyusini. Akaketi pembeni ya kitanda, akaeleza taratibu. Karani alimpokea vizuri. Akamwandikia zile moja saba kwenye mashine, zikaenea zote. Halafu karani akamuuliza, "Tuigawe kwa ngapi, mzee?"

"Nikamwambia sijui," baba yako akasema. "Hicho ndicho nilichokuja kuuliza."

Deo alicheka mpaka machozi, na baba yake akacheka kwa sababu mtoto anacheka. Hakuelewa kwa nini mashine yenye akili namna ile inamuuliza yeye. Baadaye, uani, aliniuliza, "Kwa hiyo hakuna kitu kinachoweza kumwambia?" Nikamjibu kwamba hakuna, ni mpaka ujaribu moja moja. Akatikisa kichwa, akaenda kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Nilimuuliza Deo siku moja kama yeye anadhani ni tasa. Akasema hapana. "Ipo, Mama. Inakuja." Alisema hivyo bila wasiwasi, kama mtu anayesubiri gari analolijua.

Na siku nyingine yeye ndiye aliyeuliza. Nilikuwa namfunga shuka miguuni. Akasema, "Mama, nitapona?" Nikamjibu, "Utapona." Nilijibu upesi mno. Akanitazama na yale macho yaliyofura, akasema bila hasira, "Kwenye namba ulisema hujui."

Skola, nimefundisha watoto wa watu wengi. Mbele ya darasa zima, na aibu yangu yote, niliweza kusema neno hilo, na mbele ya mwanangu sikuliweza. Aliona siwezi, akanihurumia. Akasema, "Haya, andika. Mia mbili kumi na moja." Nikageukia mlango.

Hapa nitakwenda moja kwa moja.

Ilikuwa masika, ziwa limechafuka, boti haziendi kila siku. Tulikuwa tumefanya mia mbili thelathini na tatu. Ilitoka mgawo elfu nne mia saba sitini na nane, baki mia moja sitini na saba. Haiingii. Deo akauliza, "Inayofuata?" Nikafikiri kidogo, nikamwambia ni mia mbili thelathini na tisa. Nikaweka chaki juu ya kizingiti, nikapangusa mikono. Akasema, "Moja tu, Mama." Nikamwambia apumzike, tutaifanya kesho. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na maji ya kuchota, na uji wake usio na chumvi ulikuwa jikoni. Hakubisha. Hakuwa mtoto wa kubisha.

Kulipokucha hakututambua. Ziwa lilitulia siku ile, tukampeleka Liuli kwa boti, baba yako amempakata kama mtoto mchanga, mtu mrefu vile. Hatukurudi naye akiwa hai.

Tulituma mtu Kitura akulete, lakini barabara ya mlimani ilikuwa imekatika kwa mvua, na ulipofika tulikuwa tumeshamzika. Ulikuwa na sare ya shule. Ulisimama mbele ya udongo ule mpya, ukauliza, "Yuko wapi?" Shangazi yako ndiye aliyekuinua. Mimi sikuweza.

Baada ya hapo watu hawakujua waniiteje. Nilikuwa Mama Deo kijiji kizima. Wengine kwa huruma wakaanza kuniita Mama Skola, na waliponiita hivyo nilichelewa kugeuka, nikidhani anaitwa mwingine. Baba yako hakubadilisha. Mpaka leo ananiita Mama Deo, umesikia mwenyewe.

Na namba je? Sikuigusa. Ile hesabu ya mwisho ilibaki nyuma ya mlango, hakuna aliyeifuta, mikono yetu tu tukifungua na kufunga iliimaliza polepole. Kila mwaka nilifundisha vigawo, nikapanga namba tasa ubaoni na watoto wakaziimba, na nilipofika mia mbili thelathini na tatu nilikuwa nasema inatosha. Ungeniuliza ningesema sina muda. Ukweli ni kwamba kazi ile ni ya dakika chache kwa mwalimu yeyote. Sikuwa naogopa kwamba haitaingia. Ingekuwa haiingii, ningeendelea na inayofuata na inayofuata, na Deo angekuwa ameacha safari ndefu katikati kama watu wengi. Niliogopa kwamba inaingia.

Halafu wewe ukaisema mezani.

Sasa unajua ni kwa nini nilisimama nyuma ya jiko. Kesho yake, ulipokwenda kuchota maji, nilichukua chaki nikaifanya mwenyewe nyuma ya mlango ule ule, kwa mkono, hatua kwa hatua kama alivyokuwa ananitajia. Ilitoka elfu nne mia sita arobaini na tisa. Nilipofika mwisho nikatoa, ikabaki sifuri, nikaitazama sifuri ile mpaka miguu ikafa ganzi. Ilikuwa pale pale. Alikuwa ameniomba moja tu.

Nimejiambia yote unayotaka kuniambia sasa hivi. Najua isingemponya. Figo haijui kugawanya. Najua pia kwamba mtu hawezi kuishi akidhani kila kazi anayoiacha jioni ndiyo ya mwisho, angekuwa kichaa, watoto wake wangelala njaa. Kwa hiyo sikuambii kwamba kila ukichoka ufanye moja zaidi. Chuoni huko utachoka, lala. Sina fundisho nililolitoa pale. Nimelitafuta miaka yote hii, maana walimu tunapenda kila kitu kiwe na fundisho, na sikulipata. Ningependa tu angeiona. Angefurahi sana, Skola. Angenyanyuka kwenye kile kitanda cha chuma, angesema, "Nilikwambia inakuja."

Baba yako alinikuta na chaki mkononi. Hesabu hajui kuzisoma, lakini sifuri anaijua. Akauliza, "Imeingia?" Nikamwambia imeingia. Akauliza, "Kwa hiyo Deo alisema kweli?" Nikamwambia alisema kweli. Akatabasamu, akaushika mlango kama anayeshika bega la mtu. Kisha akauliza, "Ilikuwa bado mbali?"

Nikamwambia, "Mbali kidogo."

Ni wewe tu unayejua sasa. Nisingependa uubebe mzigo huu peke yako huko ugenini, na bado nimekupa. Ningeweza kukwambia na wewe kwamba ilikuwa mbali kidogo, ungesoma ukasikitika kidogo, ukaenda darasani. Lakini ulishafukuzwa nyumba hii mara moja ili usione, na nikiificha na hii nitakuwa nimekutoa kidole kimoja kimoja mara ya pili. Baba yako usimwambie. Yeye mwache na mlango wake.

Unakwenda kusoma hisabati, na vitabu ulivyonionyesha nilivifungua ukiwa umelala mchana. Kurasa mbili za kwanza nilizifuata. Ya tatu nikarudia, ya nne nikafunga. Siwezi tena kukaa pembeni yako na chaki. Ukikwama huko, mimi sitakuwa na la kukusaidia, wala barua yangu haitakuwa na jibu. Na si hesabu tu. Ukiugua nitasikia baada ya wiki. Ukidanganywa na mtu nitasikia baada ya mwezi, au sitasikia kabisa kwa sababu utanificha ili nisiumie, nami nitakujibu kwamba huku tu wazima hata kama si wazima. Ndivyo tulivyo.

Juzi ulikuwa unakunja nguo, ukaniuliza bila kunitazama, "Mama, nitaweza huko?" Nikakwambia, "Utaweza," upesi, na nikaona mabega yako yameshuka kidogo. Nilijua nimefanya tena kile kile.

Sijui, Skola. Sijui kama utaweza. Sijui watu wa huko watakupokeaje, wala kama mwili wako utakuwa mzima, wala kama utarudi hapa ukiwa mtu ninayemjua. Ninatamani kujua kuliko nilivyowahi kutamani kitu, na sina namna.

Nakusikia huko njiani unasalimiana na watu, shikamoo moja baada ya nyingine, na yule mama wa kona anakuuliza safari ni lini kana kwamba hajui. Naacha hapa, niikunje kabla hujafika mlangoni. Utaingia, nitakuuliza kama kwa shangazi umekula, utasema umekula, nami nitakupakulia tena.

Mama yako